Kuzuia Hema Lisivuje Masika: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kosa ni lile lile kila mwaka. Hema limevuja, mwenyewe ananunua kopo la dawa ya kupulizia, anapuliza paa lote, kisha anaridhika kuona matone yakiteleza kama kwenye jani la gimbi. Usiku wa kwanza kambini Machame, Kilimanjaro, mvua inashuka saa nne mfululizo, na godoro linaloa tena.

Dawa yenyewe haina ubaya. Imepelekwa pasipovuja. Hema la nailoni au poliesta ambalo bado lina uhai ni nadra kupitisha maji kwenye kitambaa. Maji hupita kwenye mishono, kwenye pembe za sakafu na pale kamba zinaposhikizwa. Mara nyingine hayakutoka nje kabisa, ni pumzi za waliolala humo.

Mwongozo huu ni wa mahema madogo ya watu 2 au 3, yenye chumba cha ndani na paa la nje, kama yale wanayobeba wapagazi Kilimanjaro na Meru, au yanayokodishwa Moshi na Arusha. Turubai la pamba lina mambo yake, nayo yako mwishoni.

Tenga siku tatu, nyingi zikiwa za kusubiri kukauka. Februari panafaa kabla ya masika, Septemba kabla ya vuli. Ukianza kazi hii mvua ikiwa imeshafika, hakuna kitakachokauka.

## Andaa vitu hivi kwanza

Vya kusafishia: ndoo 2, sifongo laini, kipande cha sabuni ya mche, maji ya baridi.

Vya kukagulia: mpira wa kumwagilia, tochi, karatasi nyeupe ya chooni, taulo kuukuu, na tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi.

Vya kuzibia: brashi ya inchi 1, glavu, nusu lita ya spiriti ya hospitali, vitambaa vya pamba, chupa ya jemu yenye mfuniko, poda ya mtoto.

Dawa ya kuziba iko ya aina mbili, na inayofaa ni moja tu kwa hema lako. Usiinunue kabla ya kufika hatua ya 2. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Na mtu mmoja wa kukusaidia. Hatua ya 3 haifanyiki peke yako.

## Hatua ya 1: Osha, kisha kausha kabisa

Hakuna gundi inayoshika juu ya vumbi. Vumbi la Kilimanjaro ni la volkano, laini kama unga, na hujificha ndani ya pindo na meno ya zipu.

Simamisha hema au litandaze, ulowanishe sifongo, paka sabuni kidogo na usugue polepole pande zote mbili. Suuza mpaka maji yasitoe povu. Piga meno ya zipu kwa mswaki wa zamani.

Usitumie sabuni ya unga, klorini, wala mashine ya kufulia. Sabuni ya unga huacha mabaki yanayovuta maji, na mashine huvuruga utando wa ndani na kuvuta mishono. Maji ya moto nayo hapana.

Anika kivulini penye upepo. Jua la Ikweta hula nailoni haraka, na hema lililosahauliwa juu ya kamba wiki nzima linaweza kuharibika kuliko lililotumika msimu mzima. Limekauka pale pindo la chini, ambalo ndilo la mwisho kukauka, linapokuwa halina ubaridi ukiligusa kwa shavu.

Wakati wa kuosha, nusa upande wa ndani wa paa. Harufu kama ya matapishi, pamoja na unato unaoshika vidole, maana yake utando wa ndani umeanza kuoza. Kumbuka hilo, tutalirudia hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Jua kitambaa chako

Mahema mengi ya bei ya kawaida yamepakwa poliyurethani upande wa ndani. Mahema mepesi ya bei kubwa mara nyingi yamepakwa silikoni pande zote mbili. Mengine yana silikoni nje na poliyurethani ndani. Kwenye kitambaa cha silikoni hakuna kinachoshika isipokuwa silikoni, na silikoni haidumu juu ya poliyurethani. Ukikosea, dawa itabanduka kama gamba la nyoka wiki mbili baadaye.

Angalia mishono ya paa kwa ndani. Ukiona utepe mwembamba unaopitiliza urefu wote wa mshono, uliobandikwa kiwandani, upande huo ni wa poliyurethani, maana utepe huo haushiki kwenye silikoni. Usipouona, na kitambaa kinateleza mkononi kama samaki pande zote mbili, huenda ni silikoni.

Uhakikishe hivi. Chukua silikoni kidogo (aina yake imeelezwa hatua ya 4), kiasi cha punje ya mahindi, ipake kwenye kona ya ndani isiyoonekana. Ngoja saa 24, kisha ichokoe kwa ukucha. Ikitoka nzima kama ngozi, kitambaa si cha silikoni. Ikigoma na kukatikakatika, umepata jibu.

## Hatua ya 3: Tafuta panapovuja

Simamisha hema kama unavyolisimamisha kambini, kamba zote zikiwa zimekazwa. Hema lililolegea hudanganya, kwa sababu paa linagusa chumba cha ndani na kuvujisha hata pasipo na tundu.

Mmoja aingie ndani na tochi, karatasi na tepu. Wa nje aelekeze mpira juu ili maji yaanguke kama mvua, asiyapige moja kwa moja. Msukumo wa mpira ukikaribia kitambaa hupenyeza maji ambayo mvua isingeweza kupenyeza, nawe utaishia kuziba pasipo na tatizo.

Anzeni chini, mpande juu. Dakika 5 kwenye pindo la chini na pembe, dakika 5 katikati na kwenye zipu, dakika 5 kileleni. Mkianza juu, maji yatateremka na kulowanisha kila kitu, na hamtajua yameingilia wapi.

Wa ndani aweke tochi sambamba na kitambaa, mwanga upite ubavuni. Tone linapozaliwa huonekana kwanza kama doa jeusi kwenye tundu la sindano. Linavimba, linang'aa, kisha linakimbia kufuata uzi na kudondoka labda nusu mita kutoka lilipoingia. Weka tepu pale doa lilipoanza, achana na pale tone linapodondokea. Kosa hili dogo ndilo linalowafanya watu wazibe mahali pamoja mara tatu na hema liendelee kuvuja.

Kagueni hasa sehemu hizi:

- Mishono miwili inapokutana au kupishana.
- Viraka vya kushikizia kamba za nje. Vimeshonwa na kuvutwa na upepo kila usiku, na matundu ya sindano hutanuka.
- Vitanzi vya ndani vinavyofunga paa kwenye fito.
- Kofia ya tundu la hewa.
- Pembe nne za sakafu.
- Nembo iliyotariziwa juu ya paa. Inapendeza, lakini kila nukta ya uzi ni tundu.

Mkimaliza dakika 15 bila doa hata moja, na bado hema hulala likiwa limelowa kambini, ruka mpaka sehemu ya jasho la hema. Usizibe kitu.

## Hatua ya 4: Ziba mishono

Hii ndiyo kazi yenyewe, usiifanye haraka. Panguza kila mshono kwa kitambaa chenye spiriti na uache dakika 10 ukauke. Spiriti, na waiti spiriti (kiyeyusho cha rangi ya mafuta) itakayofuata hapa chini, zote hushika moto upesi. Fanya kazi uwanjani, mbali na jiko la mkaa na sigara.

### Kama hema ni la silikoni

Nunua tyubu ya silikoni safi isiyo na rangi, ile wanayotumia mafundi wa madirisha ya aluminiamu, yenye harufu ya siki. Isome kwanza: ikiandikwa kuwa inaweza kupakwa rangi juu yake, iache, hiyo imechanganywa na akriliki. Nunua pia waiti spiriti kwenye duka la rangi.

Changanya kwa ujazo, silikoni sehemu 1 na waiti spiriti sehemu 3, ndani ya chupa ya jemu. Kikombe chembamba cha plastiki kinaweza kulainika na kumwaga kila kitu. Koroga kwa kijiti mpaka mabonge yaishe na mchanganyiko uwe kama uji mwepesi wa mtoto. Vijiko 2 vya chakula vya silikoni na vijiko 6 vya waiti spiriti vinatosha mishono ya paa la hema la watu 2. Usichanganye mwingi, kwa sababu huanza kuganda ungali unafanya kazi.

Hema likiwa limesimama na kukazwa, paka upande wa nje. Kitambaa kikivutwa, matundu ya sindano hufunguka na dawa huingia ndani yake. Ukipaka limelala chini, dawa hukaa juu tu, na siku ya kwanza ya upepo matundu yanafunguka pembeni mwake.

Piga brashi kufuata mshono, upana wa sentimita 1 kila upande wa uzi. Rudia kwenye viraka vya kamba. Safu moja nyembamba kisha ya pili baada ya saa moja ni bora kuliko safu moja nene, maana nene huteremka, hutengeneza matone na huvuta vumbi. Yanayochuruzika yafute mara moja.

### Kama hema ni la poliyurethani

Hapa utahitaji gundi ya mishono ya poliyurethani, inayouzwa kwa tyubu ndogo au chupa kwenye maduka ya vifaa vya kambi. Silikoni ya hadwea haifai. Gamu ya njano ya mafundi viatu nayo haifai: inashika vizuri siku ya kwanza, inakakamaa, inapasuka kila unapokunja hema, na kuiondoa ni kazi kuliko kazi yenyewe.

Gundi hii hupakwa upande wa ndani, ule wenye utando. Kama utepe wa kiwandani umebanduka, uvute wote kwenye mshono huo. Usipake juu ya utepe unaopeperuka, kwani maji hupita chini yake na gundi haijui. Sugua mabaki ya gundi ya zamani kwa spiriti mpaka pasinate, acha pakauke, kisha paka safu nyembamba inayofunika uzi na sentimita 1 kila upande.

Utepe uliokaa vizuri usiuguse. Haraka ya kubandua kila kitu ili "kuanza upya" imeharibu mahema mengi mazima.

### Kwa aina zote mbili

Acha saa 24. Kisha gusa kwa kidole kikavu: kisipovuta uzi wa gundi, pako tayari. Hata hivyo mwagia poda ya mtoto kwenye mishono yote kabla ya kukunja, pangusa iliyozidi. Bila poda, mshono mmoja utashikana na mwingine ndani ya mfuko, na ukilifungua hema utabandua kazi yako.

## Hatua ya 5: Sakafu, na utando ulioanza kuoza

Sakafu hubeba mzigo ambao paa haliujui. Goti la mtu mzima linasukuma maji kwa nguvu kuliko mvua yoyote. Ndiyo maana watengenezaji huandika namba mbili, kwa mfano milimita 1,500 kwa paa na 3,000 au zaidi kwa sakafu. Namba hiyo ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kukishikilia kabla ya kupitisha matone. Ni namba ya kitambaa kipya.

Jaribu hivi. Tandika taulo lililolowa chapachapa chini. Weka sakafu ya hema juu yake, na karatasi kavu ya chooni juu ya sakafu. Piga goti juu ya karatasi kwa dakika 1. Karatasi ikiwa kavu, sakafu ni nzima. Ikipata doa la duara, utando umechoka mahali hapo. Rudia sehemu sita au saba, hasa zinapokaa nyonga, mabega na mlangoni.

Doa moja au mawili huzibwa kwa kiraka. Sakafu yote ikipitisha, au paa likinata na kutoa ile harufu, utando wa poliyurethani unaoza kwa unyevu na joto. Mahema yanayotunzwa Pwani, Tanga au Mombasa, hupatwa mapema. Sugua utando unaotoka kwa kitambaa chenye spiriti na sifongo ngumu kidogo, suuza, kausha, kisha paka dawa ya maji ya poliyurethani ya sakafu za mahema kwa brashi, safu nyembamba, saa 24, halafu poda.

Kabla hujatumia pesa hiyo, bana kitambaa cha paa kwa vidole viwili vya kila mkono, mahali palipopigwa na jua zaidi, uvute kwa nguvu za kawaida. Kikichanika kama gazeti, jua limemaliza uzi. Hakuna dawa. Kata sakafu itumike kama tandiko, hifadhi fito na zipu kama vipuri, basi.

### Tandiko la chini

Kata nailoni nzito ya plastiki, ile inayotandazwa kwenye msingi wa nyumba. Unene wake hupimwa kwa geji. Geji 1000 hudumu, geji 500 ni nusu ya uzito wake na inamtosha anayebeba mgongoni. Ipime iwe fupi kuliko sakafu kwa sentimita 5 kila upande.

Watu hupenda kuliacha litokeze, wakidhani linakinga zaidi. Linapotokeza huwa beseni: maji yanayoteremka kwenye paa yanatua juu yake, yanaingia chini ya sakafu na kukaa hapo usiku kucha. Tandiko linalotokeza ni baya kuliko kutokuwa na tandiko.

## Hatua ya 6: Viraka, kisha dawa ya kupulizia

Kiraka kikatwe mviringo, kwa kuwa pembe kali hubanduka kwanza, na kipite mpasuko kwa sentimita 3 kila upande. Safisha kwa spiriti. Kwenye poliyurethani bandika tepu ya kukarabati mahema, ndani na nje. Kwenye silikoni tumia kipande cha kitambaa hicho hicho na silikoni isiyochanganywa, ukibane chini ya kitabu kizito usiku mmoja.

Sasa ndiyo zamu ya dawa ya kupulizia. Kazi yake ni kufanya matone yateleze ili paa lisinywe maji, lisiwe zito wala baridi. Haizibi mshono. Mwagia paa maji: yakitengeneza matone, huhitaji dawa. Yakitandaa na kitambaa kugeuka rangi, puliza ukifuata maelezo ya chupa, na futa iliyozidi kwa kitambaa. Mafuta ya kupikia, vanishi na nta ya mshumaa viache jikoni na kwa fundi seremala.

## Hatua ya 7: Rudia jaribio la mpira

Dakika 15 zilezile, chini kwenda juu. Karatasi ya chooni ikipita kila mshono na kutoka kavu, hema limepona. Sehemu moja ikigoma, kausha, panguza kwa spiriti, paka tena. Fanya hivi nyumbani, kwa sababu ukigundua ukiwa kambi ya Shira, juu mlimani, hutakuwa na saa 24 za kusubiri.

## Kulisimamisha mvuani

Hema lililozibwa vizuri likisimamishwa vibaya litavuja vile vile.

Mahali. Angalia ardhi inaelekeza maji wapi. Majani yaliyolala upande mmoja, mchanga uliochongwa mistari na tope laini lililopasuka ni njia ya maji hata kama leo ni pakavu. Sehemu iliyobonyea kwa sababu mahema mengi yamelala hapo ni dimbwi linalosubiri mvua. Chagua mwinuko mdogo, hata wa kimo cha kiganja. Usilale ndani ya korongo wala chini ya tawi kavu.

Upande. Kisogo cha hema kielekee unakotoka upepo, mlango upande wa pili.

Vigingi. Vipigwe vikiinamia, kichwa kikielekea mbali na hema. Kwenye tope la Machame, karibu mita 3,000, kigingi chembamba hung'oka kama mwiko kwenye uji, kwa hiyo tumia kipana au weka jiwe juu yake. Kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, ni mawe matupu: funga kamba kwenye jiwe kubwa, na uviringishe kitambaa mahali kamba inapogusa ukingo mkali. La sivyo itakatwa na upepo usiku wa kuelekea kileleni, wakati hakuna aliye tayari kutoka nje.

Nafasi. Kati ya paa la nje na chumba cha ndani pawe na nafasi ya vidole vinne pande zote. Vinapogusana, maji yanahamia ndani.

Kaza mara tatu. Ukimaliza kusimamisha, kabla ya kulala, na baada ya mvua kubwa. Nailoni ikilowa hurefuka na kulegea, na paa lililokazwa saa kumi jioni linaning'inia saa mbili usiku. Poliesta hulegea kidogo tu.

Mlangoni. Mkanda wa begi, kamba ya kiatu au ncha ya shuka ikitokeza nje huvuta maji kuingia ndani kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Watu hutafuta tundu usiku kucha kumbe ni mkanda.

Mvua ikikukuta kabla hujasimamisha, watu wawili washikilie paa la nje juu huku wa tatu akiingiza fito. Chumba cha ndani kikilowa dakika ya kwanza hakitakauka mpaka asubuhi.

## Jasho la hema

Mtu aliyelala hutoa maji kwa pumzi na ngozi, kama glasi moja au zaidi kwa usiku. Wakiwa watatu, na paa limepoa kwa mvua, maji hayo hugeuka matone upande wa ndani.

Utalitambua hivi: matone ni madogo, yametapakaa paa zima, huongezeka kuelekea alfajiri, na hutokea hata usiku usio na mvua. Kuvuja huanza mahali pamoja, dakika chache baada ya mvua kushika.

Tiba ni hewa. Fungua matundu ya juu hata mvua ikinyesha. Shusha zipu ya mlango wa nje kutoka juu kiasi cha kiganja, chini ya kofia yake. Pindo la chini liwe juu ya ardhi kidogo, upepo upite. Nguo zilizolowa zikae ukumbini, nje ya chumba cha ndani. Mabondeni kama Barranco hewa baridi hutuama, kwa hiyo tarajia jasho zaidi na uweke kitambaa cha kufutia karibu na kichwa.

Usiingize jiko ndani ya hema, la mkaa wala la gesi. Mvuke wake ni tatizo dogo. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

## Kufunga likiwa limelowa, na kulitunza

Njiani huna hiari, utafunga likiwa na maji. Likung'ute, lifute kwa kitambaa, na weka paa la nje kwenye mfuko wake wa plastiki, mbali na chumba cha ndani. Mkifika kambi inayofuata na jua likatoka hata nusu saa, litandazwe kabla ya chai.

Ukishuka mlimani, lisilale ndani ya mfuko zaidi ya siku moja. Kuvu huanza upesi, na madoa yake meusi hayatoki. Wenye mahema ya kukodisha walianike siku ile ile linaporudi, hata kama mteja anaapa kwamba ni kavu. Guseni pindo.

Likishakauka, usilikandamize kwenye mfuko wake mdogo kwa miezi. Lilegeze ndani ya gunia la pamba au foronya kubwa, chumba chenye hewa, mbali na panya. Stoo iliyo chini ya bati bila dari huoka utando mchana kutwa.

## Kama hema lako ni turubai la pamba

Turubai jipya huvuja kwenye mishono, na hiyo si kasoro. Lisimamishe, limwagie maji mpaka lilowe kabisa, liache likauke kabisa, urudie mara 2 au 3. Nyuzi za pamba huvimba na kuziba matundu ya sindano. Ukilipaka dawa kabla ya hapo, unazuia nyuzi zisinywe maji zinayohitaji ili zivimbe.

Kamba zake zifanyie kinyume cha nailoni. Turubai na kamba za pamba hunywea zikilowa, kwa hiyo zilegeze mvua ikianza, la sivyo vigingi vitang'oka au vitanzi vitachanika.

Mvua ikinyesha usiguse turubai kwa ndani wala kuliegemeza sanduku, maana pale ulipogusa patadondosha. Ikitokea, telezesha kidole kutoka hapo mpaka ukutani na maji yatafuata njia hiyo. Mshono unaosumbua baada ya kulowanishwa mara tatu usugue kwa nta ya nyuki nje na ndani, kisha uipashe kwa kiganja mpaka iingie kwenye uzi. Sabuni isiliguse turubai. Tope likikauka, lipigwe brashi kavu.